Wasomaji Wanauliza: Kuku wa Mayai Uani

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote kwa watu wanaofuga kuku kati ya watano na ishirini nyuma ya nyumba, ambao hawana nia ya biashara kubwa ila wanataka mayai ya watoto yasinunuliwe dukani, na ikibaki trei moja, jirani auziwe. Nyingi zinauliza dawa. Msomaji ataona kwamba majibu yangu mara nyingi huanzia bandani, kwenye chombo cha maji na kwenye gunia la chakula, kabla ya kufika duka la dawa za mifugo.

Nina kuku 12 wa mayai niliowanunua wakiwa na wiki 16. Sasa wana wiki 30. Mwishoni mwa Desemba nilikuwa nikiokota mayai 10 kwa siku, lakini tangu katikati ya Januari napata matano au sita, na baadhi yana ganda laini linalobonyea mkononi. Muuzaji wa dawa alinipa pakiti ya unga wa kuchanganya kwenye maji ili watage zaidi, lakini sijaona mabadiliko. Je, niongeze dozi? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Usiongeze dozi. Kwanza soma maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti hiyo. Baadhi ya unga unaouzwa kwa sifa ya kuongeza mayai ni vitamini tupu, ambazo hazitakudhuru isipokuwa mfukoni. Lakini mwingine umechanganywa na antibayotiki, mara nyingi oksitetrasaiklini, na kazi ya dawa hiyo ni kupambana na bakteria, haina uwezo wa kutengeneza yai. Ukiikuta humo, mwone afisa mifugo wa kata yako kabla ya kuendelea, na ujue kwamba mayai ya kuku anayepewa dawa hiyo, pamoja na ya siku zinazofuata kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, hayafai kuliwa wala kuuzwa. Tabia ya kumwaga antibiotiki kwenye maji kila mayai yanapopungua ndiyo inayozaa vimelea sugu, na siku kuku watakapougua kweli, dawa hiyohiyo haitafanya kazi.

Sasa tuje kwenye kiini cha tatizo. Kuku wa wiki 30 yumo katika kilele cha utagaji wake, kwa hiyo umri hauwezi kuwa sababu. Tarehe ulizotaja ndizo zilizonishtua, kwa kuwa katikati ya Januari ni wakati ambapo joto la Dar es Salaam hukolea, na banda la mabati lisilo na dari linakuwa tanuri ifikapo saa nane mchana. Kuku hana tezi za jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo ukiwa wazi na mabawa yakiwa yameachana na mwili. Kuhema huko kunapozidi hupunguza hewa ukaa katika damu, na kwa kuwa ganda la yai hutengenezwa kwa kalsiamu kabonati, ambayo sehemu yake ya kabonati hutegemea hewa hiyohiyo, kuku anayehema mchana kutwa atataga yai lenye ganda jembamba hata kama kalsiamu ya chakula inatosha. Juu ya hayo, kuku aliyezidiwa na joto hula kidogo, na asiyekula hatagi.

Anza na maji. Kuku mmoja anayetaga hunywa takriban robo lita kwa siku ya kawaida, na siku ya joto kali kiasi hicho huweza kuongezeka maradufu. Kwa hiyo kuku wako 12 wanahitaji lita tatu kwa uchache, na ni salama zaidi kuandaa sita. Chombo kiwe kivulini, kioshwe kila asubuhi, na maji yabadilishwe mchana, kwa sababu kuku huyakwepa maji yaliyopata moto. Bati lifunikwe kwa makuti au nyasi, na kuta za pande ndefu za banda ziwe za wavu kuanzia usawa wa goti hadi juu ili upepo upite. Chakula wapewe kabla jua halijachomoza vizuri na tena kuanzia saa kumi jioni. Hiyo ya jioni usiipuuze: yai huchukua takriban saa 25 kuundwa, na karibu saa 20 kati ya hizo ni za ganda peke yake, sehemu kubwa ikiwa usiku. Ukiwawekea chokaa ya mifugo yenye chembe kubwa, au makombe ya baharini yaliyopondwa, katika chombo cha pembeni kila alasiri, kuku ataingia usiku akiwa na kalsiamu tumboni wakati ambapo anaihitaji zaidi.

Kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja, nami nalishuku: je, chakula cha kuku wanaotaga unakichanganya na pumba ili gunia lidumu? Kila kuku anahitaji gramu 110 hadi 120 kwa siku za chakula chenye protini kati ya asilimia 16 na 17 na kalsiamu inayokaribia asilimia 4. Ukikiongezea pumba theluthi moja, umempunguzia vyote viwili, naye hataweza kukueleza kwa njia nyingine ila kupunguza mayai. Kuku 12 wale takriban kilo 1.4 kwa siku, na kiasi hicho kipimwe kwa mizani ya jikoni, kwa kuwa kopo hudanganya.

Jambo la mwisho kwako ni kujua ni kuku gani waliosimama kutaga. Usiku, wakiwa wametulia kwenye fito za kulalia, mchukue mmoja mmoja na uweke vidole kati ya ile mifupa miwili yenye ncha iliyo pande mbili za tundu la kutagia. Kwa kuku anayetaga, vidole viwili au vitatu vitaingia bila kulazimisha, na tundu lenyewe litakuwa pana na lenye unyevu. Kwa aliyesimama, kidole kimoja kitabanwa na tundu litakuwa dogo na kavu. Ukikuta karibu wote wanataga, basi wanapishana siku, au kuna mayai yanayoliwa au kutagwa vichakani. Ukikuta wawili watatu tu ndio wamesimama ilhali wengine wako sawa, hao wawili watatu ndio wa kuonyeshwa afisa mifugo.

Je, lazima niwe na jogoo ili kuku wangu watage? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Tetea hutaga awe na jogoo au asiwe naye. Jogoo anahitajika pale tu unapotaka mayai ya kuangua. Kwa mtu anayefuga mjini kwa ajili ya mayai ya kula, kutokuwa na jogoo ni nafuu ya chakula na ni amani kwa majirani, na mayai yasiyo na mbegu hukaa vizuri zaidi kwenye joto kwa kuwa hakuna kiinitete cha kuanza kukua ndani yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye kuku kumi. Bei ya chakula imenishinda, nami nina mahindi yangu ya shambani. Naomba fomula ya kuchanganya chakula nyumbani. (Msomaji, Iringa)

Shikamoo, Mwalimu. Fomula nitakupa, lakini naomba kwanza tufanye hesabu pamoja. Kuku kumi hula kilo 1.2 kwa siku, yaani kilo 36 kwa mwezi wa siku 30. Wakitaga mayai manane kwa siku, utapata mayai 240, ambayo ni trei nane. Kwa hiyo kila trei imetumia kilo 4.5 za chakula. Zidisha bei ya kilo moja ya chakula mahali ulipo kwa 4.5, kisha linganisha na bei ya trei; hapo utajua kama kinachokuumiza ni bei ya chakula au ni kuku wasiotaga inavyopaswa. Wakishuka hadi mayai matano kwa siku, kila trei itakuwa imekula kilo 7.2, na hakuna fomula ya nyumbani itakayoziba pengo hilo.

Ikiwa hesabu bado inakuelekeza kuchanganya mwenyewe, mchanganyiko wa kilo 50 unaofaa kwa kuku walioanza kutaga ni huu: mahindi yaliyoparazwa kilo 28.5, mashudu ya alizeti kilo 7.5, mashudu ya soya kilo 6, dagaa waliosagwa kilo 2.5, chokaa ya mifugo kilo 4 na robo, unga wa mifupa robo tatu ya kilo, chumvi robo kilo na premiksi ya kuku wanaotaga robo kilo, au kwa kadiri inavyoelekezwa na mtengenezaji wake. Usiiache premiksi kwa kuwa ni kidogo. Humo ndimo zilimo vitamini na madini ambayo mahindi hayana. Vitu vya uzito mdogo vichanganywe kwanza na kilo chache za mahindi, kisha ndipo viingizwe katika lundo kubwa, la sivyo kuku mmoja atapata chumvi yote na mwingine hataionja. Kama utatumia soya yako mwenyewe badala ya mashudu, ikaange au uichemshe kwanza, kwa sababu soya mbichi ina viambato vinavyozuia protini isimeng'enywe.

Mambo mawili ya kukagua kabla ya kununua. La kwanza ni dagaa, kwa kuwa wale wa chakula cha mifugo huuzwa wakiwa na mchanga mwingi, na mchanga hulipiwa kwa bei ya dagaa. Chukua konzi moja, itie katika glasi ya maji, koroga, subiri. Tabaka litakalotua chini litakuonyesha ulichouziwa. Ukiwaonja wakawa na chumvi, punguza ile robo kilo. La pili ni mahindi yenyewe. Yale yaliyoota ukungu, ambayo watu huona si hasara kuwapa kuku, huweza kubeba sumukuvu, ile sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa kuku huharibu ini, hupunguza mayai na hudhoofisha kinga ya mwili kiasi kwamba hata chanjo huweza kushindwa kufanya kazi yake. Mahindi ya namna hiyo asipewe kuku wala mnyama mwingine.

Changanya kiasi kitakachoisha ndani ya mwezi mmoja, usizidishe (kwa kuku wako kumi ni kilo 36 hivi, kwa hiyo punguza kila kiasi cha ile fomula ya kilo 50 kwa uwiano uleule), kwa kuwa mafuta ya mashudu na dagaa huchacha.

Nimenunua vifaranga 20 vya siku moja. Majirani wananiambia chanjo ni kwa wafugaji wakubwa tu. Je, ni kweli? (Msomaji, Mwanza)

Si kweli, na huenda kwa mfugaji mdogo chanjo ni muhimu zaidi, kwa sababu kuku wake hukutana na wa jirani, na wale wanaoletwa kutoka mnadani siku moja kabla ya sikukuu. Ugonjwa wa kuogopwa kuliko wote ni mdondo, ambao wengine huuita kideri: kuku huharisha kijani, shingo hupinda, na kundi ambalo halikuchanjwa linaweza kuteketea karibu lote ndani ya siku chache. Hauna tiba. Pesa inayotumika kuwanunulia dawa kuku waliokwisha kuupata ni pesa iliyotupwa.

Utaratibu unaofuatwa na wengi kwa kuku wa mayai ni kama ufuatao, ingawa afisa mifugo wa eneo lako anaweza kuurekebisha. Chanjo ya mahepe, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu na mabawa, hutolewa siku ya kwanza na waliototolesha vifaranga, nawe una haki ya kuuliza kama ilitolewa. Mdondo huchanjwa katika siku ya 7 na kurudiwa siku ya 21. Gumboro, ugonjwa wa virusi unaodhoofisha kinga ya vifaranga, huchanjwa siku ya 14 na kurudiwa siku ya 28. Ndui huchanjwa kwa kuchoma utando wa bawa katika wiki ya 6 hadi ya 8. Baada ya hapo mdondo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, maisha yote ya kuku.

Ugumu wako utakuwa kwenye kichupa, kwa kuwa kimoja huwa na dozi za kuku mia moja au zaidi, na kikishachanganywa kinapaswa kutumika siku hiyohiyo. Ushauri wangu ni kukubaliana na majirani mnunue kimoja na mchanje siku moja, jambo ambalo lina faida ya ziada kwamba kuku wanaokuzunguka nao watakuwa na kinga. Kwa mdondo, ulizia chanjo ya I-2, ambayo hustahimili joto kuliko zilizozoeleka na hutolewa kwa tone moja katika jicho moja la kila kuku. Mshike kuku kwa ubavu, dondosha, na usimwachie mpaka apepese jicho. Chanjo za kutia kwenye maji zina masharti yake: maji yasiwe ya bomba yenye klorini kwa kuwa klorini huiua chanjo, chombo kisioshwe kwa dawa siku hiyo, na kuku wanyimwe maji kwa saa moja au mbili kabla ili wote wanywe kwa haraka. Usichanje kuku ambaye tayari anaumwa.

Wateja wangu wanakataa mayai yangu kwa sababu kiini ni cheupe. Wanasema ni ya kuku wa dawa. (Msomaji, Moshi)

Rangi ya kiini hutokana na rangi za asili zilizomo katika chakula, nazo hupatikana kwa wingi katika mahindi ya njano na majani mabichi, ilhali mahindi yetu meupe karibu hayana kabisa. Kuku wa kienyeji hupata kiini cha njano kwa sababu hushinda akidonoa majani, si kwa sababu ya ubora wa damu yake. Wafungie kuku wako mafungu ya mchicha, sukuma wiki au majani ya lusina yaning'inie kwa kamba usawa wa vichwa vyao, na ndani ya wiki mbili hivi rangi itabadilika. Protini ya yai haitaongezeka kwa hilo, lakini mteja ana haki ya kupenda anachokipenda, na majani yenyewe huwapunguzia kuku uchoshi unaowafanya wadonoane.

Kuku wangu wameanza kula mayai yao wenyewe. Nikate midomo? (Msomaji, Kisauni, Mombasa)

Subiri kwanza. Kuku hujifunza tabia hii siku anapokutana na yai lililovunjika, kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini lilivunjika. Kama viota havitoshi, kuku hugombania na kukanyaga. Weka kiota kimoja kwa kila kuku wanne au watano, kiwe katika kona yenye giza, kiwe na nyasi kavu au maranda ya kutosha, na kiwe chini kuliko fito za kulalia ili wasilale ndani na kukichafua. Kama ganda ni jembamba, rudia jibu nililompa msomaji wa Tabata. Okota mayai mara tatu kwa siku, na ya kwanza iwe kabla ya saa nne asubuhi, kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi.

Vilevile pima banda lako. Kuku wa mayai wanaokaa ndani muda wote wasizidi wanne au watano kwa kila mita moja ya mraba, na wakizidi hapo utaanza kuona pia migongo isiyo na manyoya na damu mkiani. Aliyekwisha kuzoea kula mayai, ambaye utamtambua kwa ute uliokauka mdomoni, atengwe. Kama hakuacha baada ya kurekebisha hayo yote, mchinjeni. Kukata midomo ni kazi ya mtaalamu, na katika kundi dogo mara nyingi huficha kosa la banda badala ya kuliondoa.

Kuku wangu wana mwaka mmoja na nusu. Wanataga kidogo na wananyonyoka manyoya. Niwauze au niendelee nao? Na taa ya usiku inasaidia? (Msomaji, Morogoro)

Kunyonyoka katika umri huo ni kawaida. Kuku hubadilisha manyoya, na katika kipindi hicho, ambacho huchukua miezi miwili hivi, protini yake huenda kwenye manyoya badala ya mayai. Akimaliza ataanza tena, akitaga mayai makubwa zaidi lakini machache kuliko mwaka wa kwanza. Kwa kuku wa kisasa wa mayai, wengi huona hesabu haiwalipi tena baada ya wiki 75 hadi 80, hivyo njia yenye nafuu ni kununua vifaranga vipya miezi mitano kabla, kwa kuwa huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, na kuwalea mbali na wakubwa. Ukinunua wa aina za mayai ya kahawia, angalia rangi ya manyoya ya siku ya kwanza: katika aina nyingi za namna hiyo, jike huwa na rangi ya hudhurungi na dume huwa mweupe wa manjano, na kwa kutazama tu utaepuka kupelekwa nyumbani na jogoo kumi.

Kuhusu taa, inasaidia, maana kuku hutaga vizuri zaidi akipata mwanga wa saa 15 au 16, na huku kwetu jua hutupatia takriban saa 12. Taa moja ndogo ya mwanga wa wastani ikiwashwa kuanzia magharibi hadi saa tatu usiku inatosha kwa banda la uani. Iongeze kidogo kidogo, nusu saa kila wiki, na ukishaanza usiikatize, kwa sababu siku zikipungua mwanga ghafla, kuku hunyonyoka na kusimama kutaga. Kwa hao wako wanaobadilisha manyoya sasa, taa haitawarudisha. Iweke kwa ajili ya watakaowafuata, nao wasiiwashiwe kabla hawajafika wiki ya 18, kwa kuwa tetea anayesukumwa kutaga mapema hutaga mayai madogo, na njia yake ya mayai huweza kutokeza nje.

Ukiamua kuwauza wazee, toa matandazo yote nje, osha sakafu na fito kwa maji na sabuni, puliza dawa ya kuua vimelea, kisha uliache banda wazi na kavu kwa wiki mbili kabla ya kuingiza wapya. Nyufa za fito zikaguliwe usiku kwa tochi, maana utitiri hujificha humo mchana na kutoka kunyonya damu gizani, nao hudumu bandani kwa miezi hata kama hakuna kuku.